Deni la Zizi la Jirani: Chanjo ya Ng'ombe, Imani na Wajibu katika Meru na Embu

Swali la iwapo mfugaji anaweza kuwanyima ng'ombe wake chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo bila kutenda kosa la kimaadili huachiwa mara nyingi madaktari wa mifugo na maofisa wa serikali, ilhali kwa asili yake ni swali la kidini na la kifalsafa. Ndani yake mna maswali matatu ya kale: mwenye mali ana mamlaka ya kiasi gani juu ya mali yenye uhai, mja ana wajibu gani mbele ya janga analoamini kuwa limetoka kwa Mungu, na mtu anawajibika vipi kwa madhara ambayo hakuyakusudia na ambayo hakuna awezaye kuyafuatilia hadi mlangoni pake. Kaunti za Meru na Embu, zilizo kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, hulitia swali hili uzito wa pekee, kwa kuwa mazizi ya Imenti, Manyatta na Runyenjes, ambako ng'ombe wachache wa maziwa hulishwa majani ya nepia bila kutoka nje, hayako mbali na nyanda kavu za Mbeere na za sehemu za chini za Tigania na Igembe, ambako ng'ombe huchungwa kwa makundi, hunywa maji pamoja na kuuzwa katika minada inayowakutanisha watu wa kaunti kadhaa. Rai inayotetewa hapa ni kwamba chanjo hiyo ni deni ambalo mfugaji anadaiwa na jirani yake kabla haijawa amri anayopewa na serikali, na kwamba, kwa kuwa deni hilo lina pande mbili, mamlaka inayotaka kulidai kwa nguvu ina masharti yake ya kutimiza kwanza.

Maradhi na sura yake ya kimaadili

Ugonjwa wa miguu na midomo husababishwa na kirusi, yaani kiini cha maradhi kidogo mno ambacho hakiwezi kuzaliana nje ya chembe hai, na huwapata wanyama wenye kwato zilizogawanyika, wakiwemo ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe na, porini, nyati. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani Friedrich Loeffler na Paul Frosch walionyesha kwamba kinachouambukiza hupenya vichujio vinavyozuia bakteria, na hivyo ukawa ugonjwa wa kwanza wa wanyama kujulikana kuwa na chanzo cha aina hiyo. Mnyama aliyeugua hupata homa, hutokwa na malengelenge kwenye ulimi, fizi, chuchu na katikati ya kwato, hudondokwa na mate, huchechemea, huacha kula, na maziwa yake hupungua kwa ghafla. Ng'ombe wazima walio wengi hupona, lakini ndama hufa kwa urahisi zaidi kwa sababu kirusi hushambulia misuli ya moyo wao, na ng'ombe wa maziwa aliyepona huenda asirudie tena kiwango chake cha awali.

Sifa nne za ugonjwa huu zina uzito katika maadili. Ya kwanza ni kwamba mnyama huanza kueneza kirusi kwa pumzi, mate na maziwa kabla dalili hazijaonekana, na kwa hiyo mfugaji anayengoja kuona ugonjwa ndipo achukue hatua huwa pengine amekwisha kumdhuru mwenzake bila kujua. Ya pili ni kwamba ugonjwa huu huenea sana lakini hauui sana, jambo linalomfanya mwenye ng'ombe aone kuwa hasara yake inavumilika na kwamba ng'ombe watapona wenyewe, ilhali sehemu kubwa ya hasara huwaangukia watu ambao hakuwahi kuwashauri. Ya tatu ni kwamba kirusi hiki kina aina kuu saba, na kinga dhidi ya aina moja haimkingi mnyama dhidi ya nyingine. Nchini Kenya aina zinazosumbua ni O, A, SAT 1 na SAT 2, na aina C ilionekana nchini kwa mara ya mwisho mwaka 2004. Ya nne ni kwamba kinga itokanayo na chanjo hudumu kwa miezi michache tu, takriban nusu mwaka, hivyo ng'ombe hana budi kuchanjwa tena na tena maadamu yu hai.

Sifa hii ya nne huubadilisha wajibu wenyewe. Wajibu mwingine, kama ule wa kulipa mkopo, hutimizwa mara moja ukaisha, lakini huu ni miongoni mwa wajibu usiokwisha, ambao dini zimeufahamu tangu zamani kupitia swala, zaka na fungu la kumi, ambapo utiifu wa mwaka jana haumwondolei mtu sharti la mwaka huu. Kwa sababu hiyo kosa linalotokea mara nyingi si ukaidi wa wazi bali ni uchovu: mfugaji aliyechanja mara moja hujiona amemaliza, naye kwa kweli amerudi alikokuwa. Hapa ndipo inapoingia dhana ya kinga ya kundi, yaani hali ambamo wanyama wengi wa eneo moja wana kinga kwa wakati mmoja kiasi kwamba kirusi hakipati njia ya kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine. Kinga ya namna hii haimilikiwi na mfugaji yeyote peke yake, haiwezi kuuzwa mnadani wala kurithishwa, na huvunjika polepole kila mtu anapochelewa.

Janga, maombi na dawa

Pingamizi la kwanza dhidi ya chanjo ni la kiimani, na linastahili kuelezwa kwa nguvu zake zote kabla ya kujibiwa. Katika Tharaka, Mbeere na sehemu za Meru wako wafuasi wa kundi la Kikristo lijulikanalo kama Kavonokia, linalofundisha kwamba uponyaji hutoka kwa Mungu pekee kwa njia ya maombi, na ambalo limewahi kugongana na serikali kwa kukataa hospitali na chanjo za watoto. Yeyote anayelitetea wazo hilo, awe wa kundi hilo au la, hakosi maandiko ya kuegemea: Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 9, kinaieleza tauni ya mifugo ya Misri kuwa ni mkono wa Mungu mwenyewe, na Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati kinamlaumu mfalme Asa kwa kuwategemea waganga katika ugonjwa wa miguu yake badala ya kumtafuta Mungu. Ikiwa janga ni ujumbe, wanauliza wenye msimamo huu, ni nani aliyempa mwanadamu ruhusa ya kuuzuia usifike?

Jibu halihitaji kukana kwamba Mungu ndiye asili ya mambo yote, bali linahitaji kutenganisha asili hiyo na njia ambazo kwazo mambo hutokea. Fikra ya Kiislamu, ambayo ina wafuasi wachache lakini wa siku nyingi katika miji ya Meru na Embu, imelikabili suala hili kwa mfano wa mifugo hasa. Katika hadithi mashuhuri, Mtume Muhammad alipokana imani ya kale juu ya maambukizo, bedui mmoja alimuuliza kuhusu ngamia wazima wanaougua upele mara tu anapoingia kati yao ngamia mwenye upele, naye akamjibu kwa kumuuliza ni nani basi aliyemwambukiza yule wa kwanza. Hata hivyo, hadithi nyingine inayopokewa sambamba na hiyo inakataza mwenye wanyama wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye wanyama wazima. Wanazuoni, akiwemo Ibn Hajar al-Asqalani wa karne ya 15 aliyeandika kitabu kizima juu ya tauni, walitumia juhudi kubwa kuzipatanisha kauli hizo mbili, na Ibn al-Khatib wa Granada, katika karne ya 14, alisema wazi kwamba maambukizo yamethibitishwa na uzoefu na uchunguzi. Namna moja ya kuzipatanisha ni kusema kwamba kauli ya kwanza inamzuia mtu asikifanye kirusi kuwa mungu, na ya pili inamzuia asilifanye jina la Mungu kuwa kisingizio cha uzembe.

Dini ya asili ya watu wa mlima huo nayo haikuona mgongano kati ya kuomba na kutenda. Wazee wa Embu na Mbeere walitoa sadaka katika misitu midogo mitakatifu ili kuomba mvua na kuepusha maradhi, na miongoni mwa Wameru alikuwako Mugwe, kiongozi wa baraka ambaye Bernardo Bernardi aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1959. Lakini watu hao hao waliojua kuomba walijua pia kuwatenga wanyama wagonjwa na kuyahama malisho yaliyoshukiwa, na hakuna aliyeona kwamba kufanya hivyo ni kumkosea Ngai, yaani Mungu. Vivyo hivyo misheni ya Chogoria, iliyoanzishwa na Wapresibiteri wa Uskochi katika miaka ya 1920, ilijenga kanisa na hospitali katika uwanja mmoja, na vizazi vya waumini vimetoka katika jengo moja kuingia jingine bila kujiona wasaliti wa imani.

Hata baada ya majibu hayo huenda akabaki mtu ambaye dhamiri yake haijatulia, na dhamiri, hata ikikosea, haistahili kukanyagwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, inalinda uhuru wa dhamiri na wa dini. Ila ni lazima kupambanua mambo matatu yanayochanganywa mara nyingi: kukataa dawa kwa ajili ya mwili wa mtu mwenyewe, kukataa kwa niaba ya mtoto, na kukataa kwa niaba ya mnyama atakayekutana na wanyama wa watu wengine kesho asubuhi. Katika la kwanza mtu anabeba mzigo wake mwenyewe. Katika la tatu anawabebesha mzigo huo majirani wasioishiriki imani yake, na pia mnyama asiye na imani yoyote ila ana ulimi unaouma na kwato zinazochubuka. Mithali za Suleimani zinaitaja huruma kwa mnyama kuwa ni alama ya mwenye haki, na maana yake ni kwamba mnyama ana dai lake mwenyewe mbele ya Mungu, lisilofutwa na ukali wa imani ya mwenye kumfuga.

Ng'ombe ni wa nani?

Pingamizi la pili ni la umiliki. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda haki ya kumiliki mali, na mfugaji aliyemnunua mtamba kwa fedha ya majani chai au ya miraa anaweza kudai kwamba anayo haki ya kumchanja au kutomchanja, kama alivyo na haki ya kumuuza au kumchinja. Dai hili lina ukweli ndani yake, lakini linamtazama ng'ombe kana kwamba ni kitu kinachokomea kwenye ngozi yake. Katika desturi za Wameru na Waembu, ng'ombe hajawahi kuwa wa mtu mmoja kwa maana hiyo: hutolewa mahari na kuziunganisha koo mbili, hutozwa faini na wazee, hukopeshwa jamaa aliyepungukiwa, na ndama wake huweza kuwa na wadai wengi kabla hajazaliwa. Mwanafalsafa na mwanateolojia John Mbiti, mzaliwa wa Kitui jirani na Mbeere, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba katika fikra ya Kiafrika uwepo wa mtu mmoja hutegemea uwepo wa jamii yake. Na ikiwa hivyo ndivyo alivyo mtu, mali yake haiwezi kuwa na upweke ambao yeye mwenyewe hana.

Hata asiyeikubali fikra hiyo, akashika falsafa ya uhuru wa mtu binafsi, hafiki mbali zaidi. Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake juu ya uhuru cha mwaka 1859, alishikilia kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu kwa manufaa yake mwenyewe, lakini inayo haki hiyo pale inapozuia madhara kwa wengine. Sheria ya kale zaidi ya Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 21, inaingia ndani zaidi kwa kupambanua hali mbili: ng'ombe akimpiga pembe ng'ombe wa mtu mwingine akamuua, wenye ng'ombe hao hugawana hasara, lakini ikiwa ilijulikana tangu hapo kwamba ng'ombe huyo ana tabia ya kupiga pembe na mwenyewe hakumzuia, basi yeye ndiye anayelipa yote. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni maarifa tu. Mfugaji wa karne iliyopita, ambaye hakujua jinsi ugonjwa unavyosafiri, alikuwa katika hali ya kwanza. Mfugaji wa leo, aliyekwisha kuelezwa, yumo katika hali ya pili, na hawezi tena kusema kwamba hasara ya jirani yake ni bahati mbaya tu.

Pengo kubwa katika hoja hii ni kwamba ng'ombe mwenye pembe huonekana na kirusi hakionekani. Ugonjwa unapozuka katika eneo lenye mamia ya mazizi, hakuna awezaye kuthibitisha kwamba ulitoka kwa fulani, na huenda hata kuchanja kwake kusingezuia lolote ikiwa wengine kumi hawakuchanja. Mjanja mmoja anaweza kwenda mbali zaidi na kusema: ikiwa wengi wamechanja, ng'ombe wangu wamekingwa bure, na ikiwa wengi hawajachanja, chanjo yangu peke yake haitawaokoa, basi kwa vyovyote sina haja ya kuchanja. Huyu ndiye mdoezi wa kinga ya kundi, na hesabu yake haina kosa dogo la kurekebishwa tu, bali imejengwa juu ya kosa moja kubwa. Mwanafalsafa Derek Parfit, katika kitabu chake cha mwaka 1984, aliliweka kosa hilo miongoni mwa makosa ya hesabu za kimaadili: kudhani kwamba tendo lisiloleta tofauti inayoonekana likitazamwa peke yake haliwezi kuwa ovu, hata pale ambapo matendo mengi ya aina hiyo kwa pamoja huleta maafa.

Ukuta na waungwana wa Tekoa

Msaada mkubwa zaidi wa kulielewa jambo hili unapatikana karibu zaidi. Jesse Mugambi, mwanateolojia aliyezaliwa Embu na kufundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alipendekeza katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba Wakristo wa Afrika, baada ya zama za kupigania uhuru zilizoongozwa na habari za Kutoka, wakigeukie Kitabu cha Nehemia, kinachosimulia jinsi ukuta wa Yerusalemu ulivyojengwa upya. Mugambi hakuwa akizungumzia mifugo, lakini sura ya 3 ya kitabu hicho inafaa hapa kwa namna ya kushangaza, kwa kuwa inaeleza kazi iliyogawanywa kwa vipande, jamaa kadhaa wakijenga sehemu iliyoelekeana na nyumba yao. Ukuta wa namna hiyo haumlindi aliyeujenga kwa sababu ya kipande chake, kwani adui hatapita pale palipojengwa. Humlinda kwa sababu ya vipande vya wengine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, wakimwonya mwenye nyumba juu ya hasara yake mwenyewe. Katika ugonjwa huu ufa huwa wa mmoja na ukuta unaoanguka huwa wa mwingine, na hiyo ndiyo sababu maslahi binafsi peke yake hayatoshi kumwamsha mwenye ufa.

Sura hiyo ina mstari mmoja unaopitwa haraka na wasomaji wengi: katika orodha ndefu ya waliojenga, waungwana wa Tekoa wanatajwa kuwa walikataa kuinama na kuingia kazini, ingawa watu wa kawaida wa mji huo huo walijenga, na mbele kidogo wanatajwa tena wakijenga sehemu ya pili. Mwandishi hasemi kwamba ukuta ulianguka kwa sababu ya waungwana hao, kwa maana ulikamilika. Anawataja tu, na kutajwa huko ni hukumu: walilala salama nyuma ya ukuta ambao waliubeba wengine mara mbili. Kwa hiyo ubaya wa mdoezi hauhitaji kuthibitishwa kwa ugonjwa uliozuka, wala mtafiti wa kuonyesha kirusi kilipita wapi. Unathibitika pale anapopokea kinga iliyogharimiwa na wengine na kukataa kuigharimia kwa zamu yake.

Deni la upande wa pili

Kitabu cha Nehemia hakiishii kwenye ukuta. Katika sura ya 5, wakati kazi ikiendelea, maskini wanamlilia Nehemia kwamba wameweka rehani mashamba yao ili wapate kula, naye anawakemea wakuu wanaowatoza riba, kisha anaeleza kwamba yeye mwenyewe, akiwa liwali, hakuitumia posho ya cheo chake. Mpangilio huo una maana: anayewaita watu wajenge ukuta wa wote hujipa wajibu wa kuhakikisha kwamba mzigo wake haumwangukii mnyonge na kwamba yeye mwenyewe anaaminika.

Kuaminika ndiko kulikokosekana mwishoni mwa mwaka 2024, pale Rais William Ruto alipotangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, pamoja na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya sotoka ya wanyama wadogo, kuanzia Januari 2025. Badala ya kupokewa kama huduma, mpango huo ulizua uvumi kwamba chanjo ilikusudiwa kupunguza gesi ya methani ambayo ng'ombe huitoa anapocheua, na kwamba matajiri wa nje walikuwa nyuma yake. Kwa upande wa sayansi uvumi huo haukuwa na msingi, kwani chanjo hiyo huundwa kwa kirusi kilichouawa, ambacho hufundisha mwili wa mnyama kutengeneza kinga na hakigusi vijidudu vya tumboni vinavyozalisha gesi, na ya Kenya hutengenezwa Embakasi, Nairobi, na taasisi ya umma ya chanjo za mifugo iitwayo KEVEVAPI. Lakini uvumi hauoti pasipo udongo. Wakati wa ukoloni, karantini, yaani amri ya kuzuia mifugo isitoke eneo fulani, ilitumika mara nyingi kuwalinda wafugaji wa kizungu na kuwafungia Waafrika nje ya soko, na mwaka 1938 Wakamba, majirani wa Mbeere, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao kwa kisingizio cha kuhifadhi ardhi. Jamii iliyopitia hayo haiwezi kulaumiwa kwa kuuliza maswali inaposikia kwamba serikali inawajia ng'ombe wake.

Meru yenyewe ina funzo chungu kuhusu amri isiyotanguliwa na ushawishi. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke, kwa msukumo wa utawala wa kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Lengo lilikuwa jema na desturi yenyewe ilikuwa yenye madhara, lakini wasichana wengi wa Meru waliipinga marufuku kwa kujikeketa wao kwa wao, na katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kuivunja. Ikiwa hata wazee wenye heshima kiasi hicho walishindwa kuamuru pasipo kuwashawishi wahusika, ofisa mwenye gari la serikali na boksi la barafu hana sababu ya kutumaini makubwa zaidi.

Masharti ya mwenye kudai, basi, ni manne. Kwanza, chanjo yenyewe iwe ya kweli: ilingane na aina za kirusi zinazozunguka eneo hilo, na ihifadhiwe kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kwenye sindano, kwani chupa iliyopata joto njiani kuelekea Kiritiri au Mutuati humfanya mfugaji alipe gharama ya wajibu bila kupata kinga. Pili, pawe na ukweli: aelezwe kwamba palipochomwa sindano panaweza kuvimba, kwamba maziwa yanaweza kupungua kwa siku chache, na kwamba chanjo hupunguza hatari lakini haiifuti, ili akiyaona hayo asidhani amedanganywa. Tatu, pawe na haki katika kugawana gharama, kwa kuwa mwenye ng'ombe wa maziwa wa Imenti hunufaika zaidi na kinga ya ukanda mzima kuliko mchungaji wa nyanda za chini, ambaye husumbuka zaidi kuwakusanya ng'ombe wake na ndiye anayekosa karo ya watoto mnada unapofungwa. Nne, pawe na mashauriano katika mabaraza, vyama vya ushirika vya maziwa, makanisa, misikiti na Njuri Ncheke, mahali ambapo watu wa Meru na Embu huamua mambo kwa kweli. Katiba imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kudhibiti maradhi ya wanyama, na kwa kuwa kaunti iko karibu na mfugaji kuliko Nairobi, haina udhuru wa kutoyatimiza masharti haya.

Masharti hayo yakitimizwa, nguvu ya sheria huwa halali. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, sura ya 364 ya sheria za Kenya, inamtaka mwenye mnyama mgonjwa kumtenga na kutoa taarifa, na kifungu cha 24 cha Katiba kinaruhusu haki kuwekewa mipaka ya kiasi na yenye sababu za kutosha. Yasipotimizwa, amri inaweza kubaki halali kisheria huku ikiwa imepungukiwa na haki, kwa sababu inamdai mtu alipe deni ambalo mdai mwenyewe ameliharibu.

Ushahidi wa Meru

Kwamba wajibu wa namna hii unaweza kuzaa matunda si jambo la nadharia. Sotoka ya ng'ombe, iliyoangamiza mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuleta njaa kubwa, ilishindwa kwa chanjo iliyotokana na kazi ya Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, na kwa miongo ya kuwachanja ng'ombe kutoka boma hadi boma. Tukio la mwisho la ugonjwa huo kuthibitishwa duniani kote lilikuwa kwa nyati wa Mbuga ya Taifa ya Meru, mwaka 2001, na mwaka 2011 ulimwengu ukatangaziwa kwamba sotoka imekwisha. Katika mwaka huo huo wa 2001 Uingereza, ikipambana na ugonjwa wa miguu na midomo na ikitaka kulinda soko lake la nje kwa kutochanja, iliwachinja wanyama zaidi ya milioni sita, wengi wao wakiwa wazima. Ugonjwa wa miguu na midomo hautakwisha kwa urahisi kama sotoka, kwa kuwa chanjo ya sotoka iliweza kumkinga ng'ombe maisha yake yote, na kwa kuwa nyati huweza kukaa na kirusi hiki kooni kwa miaka bila kuonyesha dalili. Lakini matukio hayo mawili ya mwaka mmoja yanaonyesha kwamba palipo na ugonjwa unaoenea hivi, uchaguzi haukuwa kamwe kati ya kuingilia na kutoingilia; ulikuwa kati ya kugawana mzigo mdogo mapema na kumwachia mtu mwingine, au mnyama, mzigo mkubwa baadaye.

Hukumu inayofuata ni hii. Mfugaji wa Meru au Embu aliyefikiwa na chanjo iliyo sahihi, akaelezwa ukweli wake na kutozwa gharama anayoiweza, akikataa kwa jina la mali yake au la imani yake, anamkosea jirani yake hata kama hakuna ng'ombe hata mmoja atakayeugua. Na serikali, ya kaunti au ya taifa, inayomlazimisha kabla ya kuyatimiza hayo, inamkosea yeye. Kati ya makosa hayo mawili, la pili ndilo la kurekebishwa kwanza, kwa sababu aliyeaminika hahitaji nguvu nyingi, na asiyeaminika hatapata nguvu ya kutosha.